WOGA USITUNYANG'ANYE HAKI

Ndugu wachimbaji, wananchi wa Kasongo na Kabambare! Mwaka 2017 wafanyakazi wa mgodi wa Namoya walitekwa na watu wenye bunduki, nani asiogope? Wengine wasema: askari watawale. Tazameni Ituri na Kivu Kaskazini: waliwekewa utawala wa kijeshi Mei 2021, raia wakahukumiwa na mahakama za askari, na mauaji hayakukoma.

Tudai ulinzi, lakini tusiuze haki. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, yaamuru: anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 61 chakataza mateso hata chini ya utawala wa kijeshi. Jirani akichukuliwa usiku kwa kuitwa maimai, twende wengi tuulize: kosa gani? Tukinyamaza leo, kesho ni zamu yetu.