Nguvu za Mchezaji Zijengwe Shuleni

Imekuwa desturi katika nchi yetu kwamba timu ikifungwa bao katika dakika za mwisho, lawama humwangukia mlinda mlango au mwamuzi. Ni wachache wanaojiuliza kama wachezaji walikuwa bado na nguvu za kumaliza dakika 90. Mchezaji wa kiungo wa ngazi ya juu hukimbia kiasi cha kilomita 10 hadi 12 katika mchezo mmoja. Tena hakimbii kwa mwendo mmoja. Huchomoka, husimama ghafla, hugeuka, huruka na kukabiliana na mwenzake bega kwa bega. Kazi hiyo haitoshelezwi na pumzi peke yake. Inataka misuli imara, pamoja na magoti na vifundo vilivyozoezwa kuubeba mwili.

Katika shule zetu nyingi bado mazoezi ya nguvu maana yake ni kuzunguka uwanja na kuruka kichurachura. Na kichurachura chenyewe mara nyingi hutolewa kuwa adhabu kwa mwanafunzi mchelewaji. Kijana aliyezoea kuadhibiwa kwa mazoezi atayapendaje? Kisha mashindano ya UMISSETA yanapokaribia, timu hukusanywa kwa haraka na vijana hukimbizwa asubuhi na jioni ili kufidia miezi iliyopotea. Mwili haujengwi hivyo. Misuli huimarika kwa mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, ikapewa na nafasi ya kupumzika. Haba na haba hujaza kibaba.

Anayelipa gharama ya haraka hiyo ni kijana mwenyewe. Kano ya goti ikikatika, hata mchezaji mwenye madaktari bingwa hukaa nje miezi tisa au zaidi. Kwa mtoto wa mkulima aishiye mbali na hospitali kubwa, jeraha hilo laweza kuwa mwisho wa kucheza mpira.

Wako watakaosema kwamba hatuna vyuma vya kunyanyua. Hoja hiyo haina uzito. Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lina mpango wa mazoezi 15 uitwao 11+, unaochukua dakika 20 tu kabla ya kuanza kucheza, na unaotakiwa kufanywa angalau mara mbili kwa wiki. Huanza kwa mbio za taratibu, hufuata mazoezi ya nguvu, mizani na kuruka, kisha humalizika kwa mbio za kasi. Hauhitaji chochote zaidi ya uwanja na mpira. Mpango huo ulijaribiwa Lagos, Nigeria, kwa vijana 416 wa timu 20, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Timu zilizoufuata zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko zile zilizoendelea na utaratibu wao wa kawaida. Lagos si Ulaya. Mazingira yake tunayafahamu.

Zoezi moja katika mpango huo lastahili kutajwa. Mchezaji hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu, naye huinamia mbele polepole akiwa amenyooka, hadi atakaposhindwa kujizuia na kujipokea kwa mikono. Zoezi hilo huimarisha misuli ya nyuma ya paja. Nchini Denmark lilijaribiwa kwa wachezaji 942, na taarifa ikatolewa mwaka 2011: waliolifanya walipata majeraha mapya na ya kujirudia ya misuli hiyo 15, na wenzao wasiolifanya walipata 52. Gharama yake ni jasho tu.

Wengine huhofu kwamba mazoezi ya nguvu hudumaza watoto. Wataalamu wa afya ya michezo hawakubaliani na hofu hiyo, mradi pawepo msimamizi na mzigo ulingane na umri. La kuogopwa zaidi ni kumtumikisha uwanjani mtoto aliyeshinda na njaa na kiu. Chakula, maji na usingizi ni sehemu ya mazoezi.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na fedha nyingi zikaelekezwa kwenye viwanja. Ni jambo jema. Lakini uwanja haukimbii wala haufungi bao. Maofisa elimu na maofisa michezo wa wilaya hawana budi kuhakikisha kuwa kila shule ina mwalimu mmoja aliyefundishwa mazoezi haya, na kwamba kipindi cha michezo kilichomo katika ratiba hakigeuzwi kuwa muda wa kufagia uwanja. Nanyi ndugu walimu, anzeni na dakika 20 hizo wiki hii, bila kungoja waraka. Samaki mkunje angali mbichi.