Si Kila Mgongo Uumao ni Diski



Siku hizi ukingoja matatu Kitengela ya kwenda Kajiado, hutakosa kumsikia mtu akisema, "Mimi nina diski." Mgongo umemwuma tangu siku ya kupalilia, naye amekwisha kujikatia hukumu. Wako wanaouza mtamba wapate fedha za picha ya MRI Nairobi, kabla hawajaonana na daktari wa karibu. Mimi ni karani wa kilimo, si daktari, lakini hasara ya mtamba naijua.

Kweli, taabu ya mgongo ni ya wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Lakini katika kila wagonjwa kumi, kwa tisa hivi haionekani sababu moja ya kuitaja. Diski ni kama mto mdogo baina ya pingili mbili za uti wa mgongo. Ikitokeza na kubana mshipa wa fahamu, maumivu hushuka mpaka mguuni. Na hata hao, wengi hupata nafuu baada ya majuma kadhaa pasipo kupasuliwa. Tena sikiliza hili. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya habari za picha za watu wasioumwa kabisa. Katika kila vijana 100 wa miaka 20, 30 walikuwa na diski zilizofura. Kwa wazee wa miaka 80 walikuwa 84. Basi picha yaweza kukuonyesha kitu ulichokuwa nacho hata ulipokuwa mzima!

Usijilaze kitandani juma zima. Tembea, fanya kazi nyepesi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji, na huku kwetu akina mama huuchukua mgongoni kwa ukanda wa kichwani. Punda yuko wapi? (Na toroli ya samadi, bwana, ikisafishwa huchukua mitungi pia.)

Mgongo ukija na homa na jasho, mwambie daktari kama hunywa maziwa mabichi, maana bruselosi ya mifugo huuma hivyo hivyo. Kifua kikuu nacho huweza kuingia katika uti wa mgongo. Lakini mguu ukilegea, au ganzi ikishika mapajani na sehemu za siri, au mkojo ukiziba au kutoka wenyewe, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtamba na auzwe.