Land Rover Kuukuu za Serikali Zipelekwe Shuleni

Apitaye katika ua wa kituo cha polisi, au nyuma ya ofisi za utawala karibu popote nchini humu, hakosi kuyaona. Yameegeshwa kando ya ukuta, magurudumu yameishiwa na pumzi, nyasi zimepenya hadi sakafuni na kuku wamefanya kiota chini ya usukani. Ni magari ya Serikali yaliyokwisha kuhukumiwa kuwa hayafai, na miongoni mwayo Land Rover kuukuu hazikosi. Tangu mwaka wa 2013, Serikali ilipoanza kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua yote, nyua hizo hazijapungua mizigo yake. Magari hayo hungojea mnada, na siku hiyo ikifika mnunuzi wa vyuma chakavu huyatazama kwa jicho la mizani, hutaja bei yake, kisha huyapakia katika lori.

Jambo hili lingekuwa dogo lau si yale yaliyotukia katika elimu yetu. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia katika shule za upili za mtaala mpya. Katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuchagua somo la mitambo ya nguvu, ambamo hujifunza habari za injini, gia, breki na ndugu zao. Ni somo zuri katika karatasi. Lakini walimu wawili watatu niliozungumza nao wananiambia kwamba injini wanayoitumia ni ile iliyochorwa ubaoni kwa chaki, ambayo hufutwa kengele inapolia ili somo la dini lipate nafasi.

Ninachokipendekeza hapa ni kwamba magari hayo yanayooza yapelekwe katika shule hizo. Wala sisemi hivyo kwa kubahatisha. Miaka mitatu iliyopita, mimi ambaye sikuwahi kushika spana ila kumpokeza mtu mwingine, nilinunua Land Rover moja mnadani. Ilikuwa ya ule mfululizo wa tatu, uliotengenezwa kuanzia mwaka wa 1971 hadi 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286. Mke wangu aliitazama ikishushwa langoni, akauliza kama kuku walikuwa katika bei.

Ikumbukwe kwamba gari hili si geni kwetu. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, wakati ambapo Uingereza, iliyotoka vitani, iligawa chuma kwa kipimo. Ndiyo sababu waundaji walilivika mwili wa alumini. Tangu miaka ya 1970 liliunganishwa papa hapa Thika, katika kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers. Limebeba machifu, maafisa wa kilimo, masanduku ya kura na karatasi za mitihani. Huko Nyandarua na Molo limebeba viazi na maziwa katika njia ambazo lori hukwama.

Mwili huo wa alumini ndio ulionipa somo langu la kwanza, tena la kemia. Kwa nje gari langu lilikuwa zima, halina kutu hata doa. Nilipoingia chini yake (mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali haina fumbo lolote) nilikuta fremu ya chuma imeliwa hata kidole kinapenya. Tena pale alumini ilipokutana na chuma na maji yakakaa katikati, ni alumini iliyokuwa ikigeuka unga mweupe. Nimepata kufundisha darasani kwamba metali mbili tofauti zikiguswa na maji ya chumvichumvi, moja huangamia ili nyingine ipone. Nililifundisha jambo hilo miaka mingi, wala sikuwahi kulishika kwa mkono.

Somo la pili lilinigharimu fedha. Injini ilikuwa ikiwaka asubuhi, inanguruma vyema, kisha baada ya kilomita mbili inakohoa na kuzima. Nikiwa mwanafunzi asiyejua lakini mwenye haraka, nilikwenda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, nikanunua betri. Ugonjwa ukabaki. Nikanunua plagi nne. Ukabaki. Nikanunua koili. Ndipo nikamwendea fundi mmoja mzee, ambaye karakana yake ni mti wa mwiba na magunia mawili.

“Mzee,” nikamwambia, “nimebadilisha kila kitu.”

“Umeliuliza gari, mwalimu, au umelihonga?” akanijibu.

Kisha akanionyesha jinsi ya kuuliza. Injini ya petroli, akasema, hutaka hewa, petroli na cheche kwa wakati wake. Gari likizima, kimojawapo hakikufika. Basi tuanze na cheche, kabla hatujafungua bomba lolote la petroli, ili tusijichome. Alichomoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akaniambia nizungushe. Cheche ya buluu ikaruka. Hiyo maana yake betri, plagi na koili havikuwa na hatia, na yawezekana hata vile vya zamani nilivyovitupa havikuwa nayo. Tukaifunga plagi, tukaliacha gari lipoe. Halafu tukafungua bomba liingialo kwenye kabureta, tukakinga kikombe. Zilitoka tone mbili, zikakoma. Tukarudi nyuma hatua moja hadi kwenye pampu, ambayo ina kikombe kidogo cha kioo cha kukusanyia takataka. Kikombe kilikuwa kimejaa vumbi jekundu. Tangi lilikuwa likimwaga kutu, kutu ikiziba njia, na gari likisimama kwa muda kutu hutulia chini, ndipo asubuhi huwaka tena.

Tulisafisha tangi na kikombe. Ugonjwa ulikwisha, na hatukununua kipuri hata kimoja.

Msomaji ambaye ni mwalimu atakuwa ameshaona ninakoelekea. Alichokifanya mzee yule, ambaye hajavaa kanzu nyeupe ya maabara maishani mwake, ni kuweka dhana, kuijaribu, kuitupa iliyoshindwa, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka chanzo. Wanafunzi wetu hukariri hatua hizo kwa utaratibu wake na kuziandika katika mtihani. Wangapi wamepata kuziona zikimwokoa mtu na hasara?

Ninajua itasemwa kwamba magari ya leo hayatengenezwi hivyo. Ni kweli. Kanuni za ubora za nchi hii haziruhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililopita miaka minane, kwa hiyo yale yanayoteremshwa Mombasa yana mifumo iliyofungiwa ndani ya kompyuta, na fundi asiye na kifaa cha kuisoma hubaki akikuna kichwa. Lakini kwa mtu anayeanza, hiyo ndiyo sababu ya kumpa gari la zamani. Katika Land Rover ile, unapokanyaga breki unaweza kumweka mwenzako chini atazame mafuta yanavyosukuma viatu vya breki. Unaposogeza gia unaona fimbo ikisogeza fimbo. Aliyewahi kuyaona hayo ataelewa kompyuta inamwambia nini inapotaja hitilafu. Asiyeyaona atabadilisha vipuri kama nilivyofanya mimi, ila vyake vitakuwa ghali zaidi. Hata gari la umeme lina beringi, lina breki, lina usukani.

Baada ya miezi saba nililipeleka gari porini, na huko nilipata aibu ambayo bado huniamsha usiku. Ilikuwa katika uwanda wa Kapiti, siku mbili baada ya mvua. Ule udongo mweusi, ukikauka hupasuka nyufa za kumeza fimbo; ukilowa hushika gurudumu kama unga wa ugali. Niliingia kwa mbwembwe, nikiamini kwamba magurudumu manne yote yananisukuma. Gari lilipoanza kuzama nilikanyaga mafuta zaidi, likachimba shimo mpaka ekseli ikalala juu ya tope. Vijana wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walisimama wakitazama. Mmoja akauliza kwa adabu kubwa, “Mwalimu, ile fimbo ya manjano umeibonyeza?”

Sikuwa nimeibonyeza. Katika gari hilo kuna fimbo mbili fupi kando ya gia. Ile yenye kichwa cha manjano, ukiibonyeza chini, huyaunganisha magurudumu ya mbele. Ile nyekundu, ukiivuta nyuma, huleta gia za chini za nguvu na kuyaunganisha ya mbele pamoja. Hadi dakika ile nilikuwa nikisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Hata hayo hayakuwa yakifanya kazi sawasawa, kwa kuwa difu ya kawaida huliacha gurudumu lililo katika utelezi lizunguke bure huku lenzie lililo pakavu limetulia. Gari linaloitwa la magurudumu manne laweza kusimama topeni huku mawili tu yakizunguka, moja mbele na moja nyuma. Nitajieni kitabu cha fizikia kitakacholieleza hilo upesi kama tope la Kapiti.

Tulichimba kwa mikono na sufuria. Tukatandika matawi na mawe, tukapunguza upepo wa magurudumu ili yakanyage kwa upana, nikavuta fimbo nyekundu, nikaachilia klachi polepole bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Mzee alikuwa ameniusia kwamba porini vidole gumba visiingie ndani ya usukani, kwa maana jiwe likipiga gurudumu usukani hujizungusha wenyewe na kuvunja kidole. Nilikumbuka. Gari lilitoka likitetemeka.

Yamkini wengine hudhani kwamba kuendesha gari porini ni mchezo wa matajiri, na wana sababu. Yapo mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989, ambapo washindani hutakiwa kufikia vituo 13 katika muda wa saa 10, na mshindi ni yule aliyekwenda masafa mafupi zaidi. Fedha zake zilisaidia kujenga ua wa umeme wa takriban kilomita 400 kuuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka wa 2009. Hilo ni jema. Lakini kwa muuguzi anayepeleka chanjo Turkana, au afisa wa elimu anayevuka lagha za Marsabit, huo si mchezo. Taifa ambalo sehemu kubwa ya ardhi yake haina lami lahitaji watu wengi wanaojua gari linavyokwama na linavyokwamuliwa, na linavyotengenezwa pasipo na duka.

Tulikwisha kujaribu kuwafunza watu hao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, ulinuiwa kutia kazi za mikono katika elimu. Karakana zilijengwa kwa michango ya wazazi, nyingine zikabaki kuta bila vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa KCPE. Wakati huohuo tulikuwa tukiwasifu mafundi wa jua kali. Shirika la Kazi Duniani liliwaandika katika ripoti yake kuhusu Kenya ya mwaka wa 1972. Serikali nayo ikatoa waraka wake wa bunge kuwahusu mwaka wa 1992. Sifa zilikuwa nyingi, ila hatukuwaita mafundi hao washike chaki. Naogopa kwamba somo jipya la mitambo litafuata njia ileile ikiwa vifaa havitapatikana katika mwaka huu na ujao.

Vifaa viko nyuma ya kituo cha polisi. Tena sheria haizuii. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015, katika sehemu ya 165, inaorodhesha njia za kuondoa mali ya Serikali isiyohitajika. Mnada umo, lakini njia inayotajwa kwanza ni kuihamishia mali hiyo taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Shule ya umma ni taasisi ya umma. Mnada unaonekana kupendwa zaidi kwa sababu huleta fedha, ingawa sijui ni madawati mangapi yanayoweza kununuliwa kwa bei ya Land Rover iliyopimwa kama chuma chakavu.

Sisemi magari hayo yarudishwe barabarani. Yanatoa moshi, mengine hayana mikanda, na kanuni za ukaguzi wa magari zilizopendekezwa mwaka wa 2025, ambazo zingetaka kila gari lililozidi miaka minne likaguliwe kila mwaka, zingeyakataa langoni. Yakae karakanani. Yafunguliwe na kufungwa tena mara mia. Shule yenye uwanja mpana iyaendeshe humo, taratibu, mwalimu akiwa ndani. Gari moja latosha darasa zima, kwa kuwa hakuna anayeharakisha kulimaliza.

Tena pamoja na gari, shule imwite fundi. Mzee wangu hana cheti, lakini Mamlaka ya Kitaifa ya Ufuzu ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Nilimweleza habari hizo akiwa chini ya gari la mtu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huko shuleni chai ya saa nne bado hutolewa.

Mkuu wa shule anayetaka gari aandike barua kwa taasisi inayolimiliki kabla ya tangazo la mnada kutoka, ataje sehemu hiyo ya 165, na aombe barua yake ifikishwe mbele ya kamati ya uondoaji mali. Nakala ampelekee mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Na siku ya kulifuata, aende na jeki, pampu ya upepo na mtu wa kuwahamisha kuku.