Alama za Nyakati Zi Mlangoni Petu



Wapo kati yetu wanaomtafuta Mungu mbali mno. Akipatwa na shida, mmoja hukesha akingoja ndoto. Mwingine huhama kutoka kwa mhubiri huyu hadi kwa yule, apate wa kumtabiria. Mwingine hupiga hodi kwa mganga usiku. Hatuwacheki, maana mzigo mzito humyumbisha mtu. Lakini twauliza: Je, Mungu amenyamaza Mbagala na Tandale, hata tukamtafute kwingine?

Maandiko Matakatifu hayatufundishi hivyo. Musa aliitwa akichunga kondoo, Simoni Petro akiwa katika kazi yake ya uvuvi. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulitukumbusha wajibu wa kuzichunguza alama za nyakati na kuzifafanua kwa mwanga wa Injili.

Hata hivyo, si kila linalotokea ni mapenzi ya Mungu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na wakazi wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ni ya Mungu. Bali mfereji uliozibwa kwa takataka, na ufukara unaomsukuma mtu kujenga bondeni, ni mambo ya wanadamu. Anayesema, "Ndivyo alivyopenda Mungu," kisha akarudi kulala, amemsingizia Mungu uzembe wetu.

Basi, tutaitambuaje sauti yake? Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi njia ya hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliipendekeza kwa Kanisa zima mwaka 1961. Njia hiyo yafaa sana katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu.

Tuchukue mfano wa mjane ambaye ndugu za marehemu wanataka kumtoa nyumbani. Kuona ni kumsikiliza yeye mwenyewe, wala si kusikiliza uvumi wa kisimani. Kuamua ni kuliweka jambo lake mbele ya Injili, tukiuliza Kristo angesimama upande gani. Kutenda ni kumsindikiza Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na kumtafutia msaada wa sheria. Sala bila hatua hiyo ya tatu ni taa iliyofunikwa kwa pishi.

Tena tuzipime sauti tunazozisikia. Sauti ya Mungu haimwonei mnyonge, haimnufaishi msemaji peke yake, wala haiogopi kupimwa na wenzetu katika imani.

Hapa ndipo penye lawama yetu. Jumuiya inayotumia saa nzima kuhesabu michango na dakika kumi kusoma Injili, itasikia nini? Na akina baba wanaowaachia akina mama jumuiya yote, watasikia kwa masikio ya nani?

Twawasihi viongozi wa walei: juma lijalo, baada ya Injili, ulizeni swali moja tu, "Ni nani katika mtaa wetu aliyelia juma hili, na kwa sababu gani?" Msiagane kabla ya kukubaliana nani atakwenda kwake, na siku gani.