MKATABA BILA UFUNGUO WA HAZINA



Kazi yetu sisi makarani ni karatasi, nasi twajua ya kuwa karatasi iliyotiwa sahihi haifai kitu ikiwa ufunguo wa sanduku linalotajwa ndani yake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Jambo hilo ndilo lililowapata wenzetu wa Sudani. Yafaa tulitafakari, kwa maana waliotangulia mbele katika habari ile walikuwa watu wa mshahara kama sisi.

Umoja wa Wataalamu wa Sudani, uliokusanya madaktari, walimu, wanasheria na waandishi wa habari, katika mwaka 2018 ulikuwa ukidai kima cha chini cha mshahara kiongezwe. Disemba ya mwaka ule bei ya mkate ilipopanda, watu wa Atbara, mji wa reli, walitoka njiani. Na Umoja ule, uliokuwa umeandaa maandamano ya mshahara, ukageuza dai lake ukamtaka Rais Omar al-Bashir aondoke. Tarehe 11 Aprili 2019 jeshi lilimwondoa, naye alikuwa ametawala karibu miaka 30.

Lakini mtu aweza kuondoka na nguvu zake zikabaki. Tarehe 3 Juni 2019 askari waliwavamia raia waliokuwa wamekaa mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, wakidai utawala wa kiraia. Wachunguzi wa serikali walihesabu wafu 87. Kamati ya madaktari ikahesabu zaidi ya 100. Intaneti ilikatwa siku ile, isirudi mpaka Julai. Twawaomba wasomaji wazitazame hesabu hizo mbili kwa jicho la karani: daftari la wafu likiwa na jumla mbili, yuko asiyetaka likaguliwe.

Agosti ya mwaka ule pande mbili zilitia sahihi mapatano. Baraza Kuu la Utawala likawa na watu 11: askari 5, raia 5, na mmoja wa shauri la wote. Muda uliwekwa miezi 39. Askari waongoze 21, kisha raia 18. Juu ya karatasi mizani ilikuwa sawa. Lakini jeshi lilibaki na makampuni yake, nje ya mkono wa Wizara ya Fedha, jambo ambalo Waziri Mkuu Abdalla Hamdok alililalamikia hadharani mwaka 2020. Kikosi cha Msaada wa Haraka cha Mohamed Hamdan Dagalo nacho kilikuwa na njia zake za dhahabu. Raia walipewa wizara. Bunduki na fedha zilikaa zilikokuwa. Tarehe 25 Oktoba 2021, zamu ya raia ikiwa imekaribia, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan alivunja Baraza, na Hamdok akakamatwa pamoja na baadhi ya mawaziri.

Wako watakaosema kwamba bila mapatano yale damu nyingi zaidi ingalimwagika. Hayo hatuyakatai, mwenye mikono mitupu hapangi masharti yote. Wako pia watakaosema kwamba mtumishi wa serikali hana siasa, kazi yake ni kumtii aliye kitini. Nasi hatumwambii karani aache meza yake akapande jukwaani. Lakini kuuliza fedha za watu zimeandikwa katika daftari gani si siasa. Ni kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Askari alipwaye na Hazina ana sababu ya kuitii Hazina. Ajilipaye mwenyewe hana bwana, wala hapatani na mwenziwe ajilipaye. Fahali wawili hawakai zizi moja: tarehe 15 Aprili 2023 jeshi la Burhan na kikosi cha Dagalo walianza kupigana, na vita hivyo vikawafukuza makwao watu zaidi ya milioni 10.

Rai yetu basi ni hii. Popote utawala unapobadilishwa, kabla ya kugawana viti, wenye kuandika mkataba waulize kwanza: nani awalipa askari, kwa fedha gani, na nani akagua hesabu? Wahenga walisema ahadi ni deni. Nasi twaongeza kwa uzoefu wa kazi yetu: deni lisiloandikwa mahali ambapo mdai aweza kulisoma, hulipwa mdaiwa apendapo.