Tairi Kipara Si Akiba

Zamani pikipiki ilikuwa ya bwana shamba, padri au mganga wa zahanati. Leo karibu kila kijiji cha Tanga kina vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki. Mwaka 2010 Serikali ilitoa kanuni za kuiruhusu kazi hii kwa leseni. Pikipiki hubeba machungwa ya Muheza na mahindi ya Handeni. Usiku hubeba mama mjamzito anayewahi hospitali. Faida yake ni kubwa, wala hakuna anayeikataa.

Lakini fikiri jambo moja. Pikipiki nzima, mwendeshaji, abiria na mzigo vinashikwa na barabara mahali pawili tu. Kila mahali si pakubwa kuliko kiganja cha mkono. Mahali hapo ni chini ya matairi.

Watu wengi husema, "Tairi bado linatembea. Jipya la nini?" Mimi sikubaliani nao. Tairi lililokwisha haliweki akiba. Linakusanya deni, na deni hilo hulipwa kwa mguu uliovunjika.

Kazi ya vifereji

Tairi jipya lina vifereji. Mvua ikinyesha, maji hupita katika vifereji hivyo, na mpira hugusa barabara. Tairi kipara halina njia ya kutoa maji. Huteleza juu ya maji kama ndala juu ya sakafu yenye sabuni. Kwenye njia ya udongo, vifereji huuma udongo. Tairi kipara haliumi kitu. Kila anayejua kona za kupanda Amani au Lushoto wakati wa masika anajua maana yake.

Hata wakati wa kiangazi hatari ipo. Mpira uliokwisha ni mwembamba. Mwiba wa mkonge, msumari au jiwe kali la pwani hupenya upesi. Pancha zikiwa nyingi, fedha ya kuziba huzidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine hubadili tairi la nyuma tu, kwa sababu ndilo linaloisha upesi. La mbele huachwa mpaka lipasuke. Hili ni kosa kubwa. Ukishika breki, uzito hulalia mbele, na tairi la mbele ndilo linalosimamisha pikipiki zaidi. Tena ndilo linaloongoza njia. Likipasuka, usukani haushikiki.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye ugomvi. Pikipiki nyingi si mali ya anayeendesha. Mwenye mali anasema, "Anayeendesha ndiye anayelimaliza tairi, basi anunue." Kijana anasema, "Pikipiki si yangu, na kila siku napeleka hesabu." Wanabishana, na tairi linazidi kuisha. Abiria hayumo katika mabishano hayo, lakini yeye ndiye anayeanguka.

Maoni yangu ni haya. Pikipiki ikiwa ya hesabu ya kila siku, mwenye mali anunue matairi, na mwendeshaji azibe pancha. Tairi ni sehemu ya mali, kama paa lilivyo sehemu ya nyumba. Mpangaji hufagia nyumba, lakini haezeki paa. Pikipiki ikiwa ya mkataba, yaani kijana ataimiliki akimaliza kulipa, basi yeye anunue. Kwa vyovyote, jambo hili liandikwe kwenye karatasi, na wote wawili watie sahihi. Sasa tunajua kusoma na kuandika. Tutumie elimu yetu.

Fedha itatoka wapi? Tufanye hesabu. Tuseme tairi moja ni shilingi 60,000. Ukiweka shilingi 1,000 kila siku, baada ya siku 60 unalo tairi. Kikundi cha waendeshaji kikiwa na sanduku moja na daftari moja, kazi inakuwa nyepesi zaidi.

Soma tairi kabla ya kununua

Tairi lina maandishi ubavuni. Yasome mwenyewe.

1. Saizi. Ukiona 3.00-17, namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa inchi. Ya pili ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nunua saizi aliyoiweka mtengenezaji wa pikipiki.

2. Umri. Tafuta namba nne zilizo pamoja, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Mfano ni 1423. Maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Ukiona nyufa, liache.

3. Mshale. Tairi lenye mshale lifungwe ili lizunguke kule mshale unakoelekea.

4. Alama ya kwisha. Matairi mengi yana vinundu vidogo ndani ya vifereji. Mpira ukiisha mpaka ukalingana na vinundu, tairi limekwisha.

Ukifunga tairi jipya, weka na tyubu mpya. Tyubu ya zamani imekwisha kutanuka, na ndani ya tairi jipya hujikunja ikatoboka. Fundi asafishe rimu na kukagua spoku. Upepo upimwe kwa kipimo, tairi likiwa la baridi. Kubonyeza kwa kidole hakutoshi. Siku za kwanza nenda taratibu, maana tairi jipya huwa na utelezi.

Muheza kuna shamba la mpira la Kihuhwi. Arusha palikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichosimama mwaka 2009. Leo matairi mengi ya pikipiki hutoka nje, na fedha yetu huenda nje. Kwa hiyo tuyatunze. Lakini kutunza tairi si kulitumia mpaka uonekane uzi.

Ndugu abiria, nawe una kazi. Kabla ya kupanda, inama utazame. Ukiona kipara, sema kwa adabu, "Kaka, leo sipandi." Abiria watano wakisema hivyo, tairi litanunuliwa kesho.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika kijiji chako, nani hununua matairi? Je, mapatano hayo yameandikwa?
2. Tairi limeandikwa 0921. Lilitengenezwa lini?
3. Ukiweka shilingi 1,500 kila siku, utapata shilingi 60,000 baada ya siku ngapi?