Meli ya Starehe na Haki ya Maskini

Yuko mtu ana boti ya starehe, ina injini nzuri na vyumba vya kulala. Haivuji wala haijachakaa. Haupiti mwaka wa tatu ila anataka kubwa zaidi. Muulize sababu: hatasema ya kwanza imemshinda kazi, atasema fulani anayo inayoipita yake.

Usidhani twatunga. Mwaka 2006 ilitoka meli iitwayo Dubai, ya mtawala wa huko, urefu wake mita 162. Mwaka 2010 Mrusi Roman Abramovich akapata yake, Eclipse, mita 162 na nusu. Nusu mita! Mtoto wa mwaka mmoja hatoshi kulala humo. Mwaka 2013 ikaja Azzam, iliyojengwa Bremen, Ujerumani, kwa watawala wa Abu Dhabi: mita 180. Katika hizo tatu, mbili ni za ndugu zetu Waislamu, wanaoisoma Suratut Takaathur kama tuisomavyo sisi. Na picha zake zazunguka katika simu za vijana wetu, nao wazitazama kwa kutamani.

Tutaambiwa: "Mali ni yao, nyinyi mna husuda tu." Basi na tufanye hisabu. Mwenye milioni 1 taslimu, mwaka ukiipitia, hutoa zaka 2 na nusu kwa mia, yaani 25,000. Akizigeuza zote kuwa meli ya kujistareheshea, zaka imeondoka, kwani chombo cha kutumia mwenyewe hakina zaka, mfano wa nyumba anayoikaa. Sheria hakuivunja. Lakini wenye vyombo hivi husema wenyewe kuwa kukitunza kimoja, mabaharia, mafuta, gati na rangi, huchukua kama sehemu 1 katika 10 ya bei yake kila mwaka. Hiyo ni 100,000! Maskini hakupata 25,000. Bahari yapewa mara 4 yake, wala mtu hanung'uniki. Kisha mwendee huyo huyo na karatasi ya mchango wa chuo, uone atakavyokueleza uzito wa maisha.

Nasi Waswahili tusijitoe. Tufani ya 1872 iliivunja merikebu ya Sayyid Barghash bin Said na nyenginezo, naye akaagiza Uingereza meli yake, Glasgow, iliyofanywa kwa mfano wa manowari ya Kiingereza na kushushwa majini 1878. Aghlabu ilikaa nangani tu mbele ya mji wa Unguja. Tarehe 27 Agosti 1896, yeye keshafariki, mizinga ya Waingereza ikaizamisha pale pale, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini mpaka 1912. Sayyid huyo huyo ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya mferejini kutoka chemchemi. Wewe waonaje, waliomwombea dua walimwombea kwa lipi katika hayo mawili?

Mvuvi wa Lamu au Pemba anayetaka chombo kikubwa apate kuvuka mwamba na kulisha wanawe hayumo katika maneno haya. Chombo chake ni jembe lake. Tunalomkhofia yeye ni mkopo wa riba wa kukinunulia, na watoaji wake siku hizi wanamfuata mpaka pwani.